Matambara Nyuma ya Ukuta

Maneno yalianzia dukani, yakapanda na njia mpaka mlangoni kwa mjane: eti marehemu alikuwa kalewa. Eti aligongesha gari kwenye ukuta wa bustani, akashuka kuchungulia, ukamwangukia. Mjane aliyafukuza maneno hayo, yakarudi. Mume wake alikuwa ameacha pombe tangu kifungua mimba wao azaliwe. Au alikuwa anakunywa kwa kumficha?

Sasa fundi alikuwa anaujenga upya ukuta huo. Ukuta wenyewe ni mfupi, wa kiunoni, unazuia udongo wa bustani usimwagike kwenye njia ya gari, ambayo imeteremka kweli kweli. Kipande cha upande wa juu wa mteremko kilikuwa bado kimesimama, kimetoka tumbo kuelekea njiani.

"Wifi, ingia ndani," dada wa marehemu alimwambia. "Unamsimamia fundi kama mwalimu wa zamu."

"Mwache, dada," fundi akasema. "Akiondoka, mimi nalala."

Akapiga nyundo. Tofali likachomoka na bonge la nguo iliyolowa chapachapa, na maji ya matope yakafuata kama bomba limefunguliwa.

"Nani kaziba matundu haya?" fundi akauliza. Utani ulikuwa umemwisha. "Yanaachwa makusudi, maji ya mvua yatoke. Ukiyaziba, udongo unalowa, unakuwa mzito, unausukuma ukuta."

"Na gari?" mjane akauliza. "Hakuugonga?"

"Gari lingeuangushia bustanini, mama. Huu umeangukia njiani. Umesukumwa kutoka ndani."

Mjane aliliokota lile tambara, akalikamua, akalikunjua. Maua ya bluu. Gauni lake mwenyewe la zamani. Mvua zilizopita aliteleza kwenye matope yaliyokuwa yakitoka kwenye matundu hayo, akateguka mkono, akalalamika wiki nzima. "Matope haya yataniua," alisema. Mume wake akacheka: "Niachie mimi, nitayakomesha." Hakusema vipi, naye hakuuliza. Sasa ule ufagio uliokutwa kando yake ukaeleweka: asubuhi ile aliyofariki, baada ya mvua, mzee wa watu alichuchumaa pale chini kuzoa majani, na chai aliyomwachia mezani ikapoa.

Wifi yake alimshika mabega. "Kaka yangu hakunywa. Umesikia? Hakunywa!"

"Nimesikia," mjane akasema, gauni amelibana kifuani. "Bora angekunywa, wifi."

Fundi aliweka nyundo chini, akageukia upande wa pili.

Basi, wewe uliye na ukuta kwenye mteremko, na una watu ndani ya nyumba:

Usizibe matundu ya maji, hata yakikuchafulia njia.

Usiuone ukuta umetoka tumbo ukasema utamwita fundi kesho.

Usichuchumae chini yake mvua ikishanyesha, hata kama ni mfupi.

Usinyamaze mwenzako akisema "niachie mimi". Muulize anafanyaje.

Usibebe maneno ya dukani kuhusu marehemu.

Usiwaache watoto wakae juu ya ukuta huo.