Jiko la Midoli ya Shakila

Swaumu alianza kulitengeneza lile jiko siku mumewe aliporudi kutoka Nachingwea na kusema, bila kumtazama usoni, kwamba mtoto ameulizia midoli yake.

"Na mimi ameniulizia?"

Rashidy alivua viatu, akavigonganisha kuvikung'uta vumbi. "Ameulizia midoli."

Nyumba yao pale Mbekenyera ilikuwa imepoa tangu kipindi cha mavuno ya ufuta. Siku ya ajali Swaumu alikuwa amekwenda kisimani. Shakila, mtoto wao wa pekee, alibaki uani akicheza kujipikilisha. Akachukua kaa la moto jikoni, akaenda nalo nyuma ya nyumba ili naye aipikie midoli yake. Gauni alilovaa lilikuwa la nailoni. Majirani ndio waliouzima moto, kwa mchanga na kwa maji ya kufulia. Mtoto alilazwa hospitali muda mrefu, na aliporuhusiwa, mama yake Rashidy, Bi Hafidha, akamchukua akae kwake Nachingwea mjini, karibu na pa kusafishia vidonda. Ilisemwa ni kwa muda tu. Lakini kila Swaumu alipojitanda kanga ili afuatane na mumewe kumwona, aliambiwa asubiri kwanza, mtoto hajatulia.

Rashidy hakumtukana wala hakumpa talaka. Aliacha tu kuzungumza naye. Alikula chakula alichopikiwa, akanawa, akatoka.

Basi Swaumu akaona midoli haiwezi kwenda mikono mitupu. Alitafuta boksi la sabuni, akalikata upande mmoja ili mtoto aone ndani. Kuta akazikandika udongo wa kichuguu, akazisugua kwa kitambaa chenye maji mpaka zikawa laini kama za nyumba ya watu. Juu akaezeka nyasi. Akafinyanga chungu cha kutosha punje tano za mchele, na mtungi, na mafiga matatu. Vifuniko vya soda vikawa sufuria. Ungo aliusuka kwa ukindu mwembamba, akaufumua, akausuka tena kwa sababu ukingo ulikuwa umepinda, naye alijua Shakila angeliona hilo. Kinu alichongewa na jirani yake Teodosia kwenye tawi la mkorosho, pamoja na mchi wake.

Vyombo vile vya udongo vilitakiwa vichomwe ili viwe vigumu. Swaumu alikusanya kuni, akazipanga, akakaa mbele yake na kiberiti mkononi. Hakuweza. Akavianika kivulini vikakauka hivyo hivyo.

Teodosia alipokuja kuangalia, alichuchumaa akacheka kwa furaha. "Mama Shakila, hata mwiko! Hata kibao cha mbuzi!" Kisha akasogeza uso karibu na mafiga. "Na moto umeweka?"

Ulikuwa ni karatasi ya pipi, nyekundu inayometa, Swaumu ameikunja ikasimama kama ndimi kati ya vijiti vya kuni.

"Jiko gani halina moto, dada?" alisema Swaumu. "Midoli yake itapikia nini?"

Teodosia aliiangalia tena ile karatasi, akainuka.

Safari hii Rashidy hakumkataza. Labda aliliona jiko lile kwa mbali pale kwenye mkeka, labda alichoka tu. Swaumu alipanda bodaboda hadi Ruangwa, boksi amelikumbatia kifuani ndani ya kanga, akimsihi dereva apunguze mwendo kwenye mashimo. Kutoka Ruangwa akapata gari la Nachingwea. Abiria mwenzake alimuuliza kama amebeba keki. Swaumu akasema ndiyo, keki.

Bi Hafidha alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Yupo uani." Akamshika mkono, akateremsha sauti. "Usishtuke ukimwona."

Swaumu alishtuka. Shingo ya mtoto ilikuwa imevutwa upande mmoja, ngozi imekunjamana kama kitambaa kilichoshonwa vibaya, na mkono wa kushoto haukunyooka wote. Macho yalikuwa yale yale. Shakila alimtazama mama yake kwa adabu, kama mtoto anavyomtazama mgeni wa bibi yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama yangu. Njoo uone nimekuletea nini."

Alifungua kanga. Midoli mitatu ya matambara ilikuwa imekaa ndani, mmoja ameshika mchi. Shakila alisogea. Akakaa chini. Akagusa mtungi, akagusa ungo, akauweka kichwani kwa mdoli, ukaanguka, na hapo akatabasamu. Swaumu naye akatabasamu. Akamtupia jicho Bi Hafidha kule mlangoni, naye mama mkwe alikuwa anatabasamu.

Kisha Shakila akaona mafiga.

Hakulia. Aliinuka taratibu, akaenda kwenye ndoo iliyokuwa pembeni ya ukuta, akachota maji kwa kopo, akarudi, akayamwaga juu ya moto ule. Akainama kuangalia. Karatasi ilikuwa imelowa na inameta kuliko mwanzo.

"Haujazimika," alisema.

"Shakila, siyo moto, mwanangu, ni karatasi ya..."

Mtoto hakusikia. Alikwenda akachota tena, akamwaga, akachota, akamwaga. Kopo alilishika kwa mkono wake mmoja mzima. Chungu kililainika kikawa tope. Mtungi ukafuata. Ukuta wa nyuma ukateremka polepole, nyasi zikaingia ndani, midoli ikalala kwenye matope kifudifudi. Hakuna aliyemzuia. Bi Hafidha alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio.

Swaumu alitumbukiza mkono kwenye tope lile, akaitafuta karatasi, akaifumbata.

"Umezimika, mwanangu. Tazama. Haupo tena."

Shakila aliutazama ule mkono uliofumbwa. Akarudi nyuma hatua, kisha nyingine, hadi mgongo ukagusa magoti ya bibi yake.

"Ameushika," alimwambia bibi. Kisha akamwambia mama yake, kwa upole, kama anayeomba: "Usije nao tena huku."

Bi Hafidha alimsindikiza Swaumu hadi barabarani. Alimweleza kuwa yeye mwenyewe siku hizi hupikia kwa jirani, maana mtoto akisikia kiberiti kinawashwa tu hujificha uvunguni. "Nilimwambia Rashidy asikueleze," alisema. "Niliona utaumia. Mwanangu, usije mpaka nikuite. Siwezi kukudanganya itakuwa lini."

Swaumu alifika nyumbani jua likiwa limeinama. Rashidy alikuwa amekaa barazani. Alisimama alipomwona, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mavuno, akampokea kanga tupu mikononi.

"Amelionaje?"

Swaumu aliutazama uso wa mumewe. Ulikuwa umefunguka, unangoja.

"Amefurahi," alisema. "Amecheza nalo sana."

Rashidy alicheka. Alijifuta macho kwa kiganja, akacheka tena, akamvutia kigoda. "Kaa, mama Shakila. Kaa upumzike. Nilijua tu. Nilisema moyoni akikuona atarudi kuwa mtoto. Sasa mtengenezee na kitanda cha midoli, mbao nitakuchongea mimi. Na mwezi ujao tukamchukue."

"Haya," alisema Swaumu.

"Alisema nini? Hebu nieleze yote, usiruke kitu." Lakini hakusubiri. Alikuwa tayari ametoa simu mfukoni, anabonyeza kwa kidole gumba, bado anacheka. "Au ngoja nimpigie mama, nimsikie mwenyewe."

Swaumu hakuinua mkono kumzuia. Rashidy aliweka sauti kubwa ili wote wawili wasikie, akaiegemeza simu kwenye goti lake, ikaanza kuita.