Wastani wa Shule

...na huyu anayejaza tangi kwa mabomba mawili huku la tatu ameliacha wazi linamwaga, ni nani huyo, kwetu angesemwa mpaka ajute, lakini kwenye mtihani ndiyo akili, eti tangi litajaa baada ya saa ngapi, nimekokotoa na kukokotoa, kila nikifika jibu langu halimo, si A, si B, si C... ko, ko, ko, viatu vya Wastani hivyo, huwa vinamtangulia, ndiye mwalimu wetu wa taaluma, jina tulimbandika sisi wanafunzi kwa sababu hamalizi sentensi bila wastani wa shule, wastani umepanda, wastani umeshuka, utadhani ni presha ya mgonjwa wake, na sasa amesimama nyuma yangu, nasikia pumzi zake, tazama tu mwalimu, hii karatasi ni ya majaribio, ule mtihani wenyewe wa kuingilia chuo kikuu ni mwezi ujao, nao nitaufanya... lakini mama alisema asante, hapo ndipo panaponichoma, aliitwa ofisini, akaja na sare yake ya kufulia mashuka hospitali, akakaa ukingoni mwa kiti kama anaogopa kukichafua, na Wastani kwa sauti ya asali, "Mama, binti yako ana bidii, sikatai, ila hesabu zitamwangusha, na akianguka yeye ametuangusha wote, afadhali asubiri mwakani, ajiandikishe mwenyewe nje ya shule," halafu akanigeukia, "Asiyekubali kushindwa si mshindani, au siyo?" nikajiuma ulimi, maana kushindwa nakubali, mwalimu, ila mechi ichezwe kwanza, na mama akainuka, akasema, "Asante mwalimu, tumesikia," asante! njia nzima sikumsemesha, mpaka tulipofika pa kuvukia barabara akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, "Umeninunia? Nilisema asante ili tutoke mle ndani kabla sijamvua miwani," nikacheka bila kupenda, naye akacheka, magari yakapita, akauliza, "Kwani wewe mwenyewe unataka nini?" na mdomo huu usiokosa la kujibu ukababaika, nikasema nataka kumwonyesha, mama akatikisa kichwa, "Hayo ni mambo yake yeye. Mimi nimekuuliza wewe"... "Zimebaki dakika kumi!" anatangaza juu ya kichwa changu, mtu mbele anaangusha rula, kumwonyesha, ndiyo, tangu siku ile naiota ndoto hiyo hiyo, matokeo yamebandikwa, jina langu liko juu, yeye anatafuta pa kuficha uso, tamu ajabu, lakini hata humo ndotoni ninayemtazama ni yeye, hesabu hata sizioni, na hesabu nazipenda, kumbe, hata hizi za matangi ya wendawazimu, napenda pale fundo linapolegea na kitu kizima kinafunguka chenyewe, hilo hakunipa yeye wala hawezi kulichukua... na nikifeli? nilishafeli, muhula uliopita nilifeli, nikala, nikalala, kukakucha... "Hilo swali bado tu?" ananong'ona, ameinama mpaka nasikia harufu ya sabuni yake, "Bado, mwalimu," "Na yale tuliyozungumza na mama, umeyafikiria?" nimeyafikiria, nilidhani sauti itatetemeka, "Nitaufanya hapa, mwalimu, pamoja na wenzangu," mbona yametoka mepesi hivi, kama kuomba kifutio, viatu havisogei... mama, leo nikirudi nitakujibu, nataka kukaa kwenye kiti changu na kuufanya mtihani wangu, basi, kama ni kuanguka nianguke kalamu ikiwa mkononi, siyo nje ya geti nikiwachungulia wengine ili wastani wa mtu usishikwe na homa... bado yupo hapo nyuma, na asimame, miguu ni yake.