Kitita cha Mjomba na Mstari Uliotumbukia

Katika chumba cha mwisho kwenye korido ya benki kuu, ubavuni mwa choo, alikaa karani mmoja ambaye wenzake walimwita Desimali. Kazi yake ilikuwa kutunza viwango vya kubadilisha fedha yetu kwa fedha ya nchi jirani, vya kila siku, tangu zamani. Fedha hizo mbili hakuna aliyezihangaikia. Wafanyabiashara wa pande zote walilipana kwa dola, na ukipeleka noti za jirani kwenye duka la kubadilishia fedha, mhudumu alikutazama kana kwamba umemletea majani makavu. Lakini Desimali alizipenda namba zake. Akikuta siku ambayo fedha yetu iliizidi ya jirani, hata kwa punje, alitabasamu peke yake mpaka mfagizi akamuuliza kama yuko sawa.

Shida yake ilikuwa moja tu: hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. Wote waliofungua mlango wake walikuwa wamebanwa.

Siku moja akaingia mama mshonaji, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

"Choo ni mlango unaofuata, dada," Desimali akasema bila kuinua macho.

"Sitafuti choo. Nataka kujua fedha ya jirani ilikuwa na thamani gani siku ya harusi yangu."

Desimali alisimama kwa nguvu hadi kiti kikaanguka. Akakiokota, akakipangusa, akamkalisha mgeni, yeye akabaki wima kwa sababu kiti kilikuwa hicho hicho.

Mshonaji akamweleza. Miaka yote ya ndoa yake, mjomba wa mumewe amekuwa akitamba kwamba yeye ndiye aliyewafungulia maisha. Walimwita Mjomba Kitita, jina alilolipata siku hiyo ya harusi, alipowapa maharusi kitita cha noti za jirani, kinene kama tofali. "Hela ile ingetosha seti nzima ya makochi!" ndio wimbo wake. Lakini mshonaji alipokwenda kuzibadilisha kesho yake, alipata hela ya ndala. Jozi moja. Kila akilisema hilo, Mjomba humjibu kwamba alipunjwa kwa kuwa hajui biashara. Na mumewe, fundi redio, kila mara hapo hukumbuka kuna waya anatakiwa akauunge.

"Jumapili anakuja kwetu kula," mshonaji akasema. "Nipe karatasi yenye muhuri nimfunge mdomo."

"Karatasi ya nini?" Macho ya Desimali yalikuwa yanametameta. "Dada, nakuja mwenyewe."

Jumapili akafika amevaa suti, kwapani amebana mchoro wa viwango vyake uliokunjwa kama mkeka. Akaubandika juu ya pazia la sebule. Mjomba Kitita alikuwa kwenye kiti cha heshima, mpwa wake fundi redio pembeni, na dada wa fundi redio, wifi wa mshonaji, ameshikilia sahani, hataki kupitwa.

"Asubuhi ya siku ile," Desimali akaanza, sauti ikitetemeka kwa furaha, "kitita hicho kilikuwa na thamani ya seti nzima ya makochi. Na meza ya kioo juu."

"Haya! Haya!" Mjomba akajipiga paja. "Nilisema nini?"

"Lakini mchana, serikali ya jirani ikatangaza redioni kwamba imeshusha thamani ya fedha yake." Kidole chake kikaufuata mstari. Mstari ukatumbukia hadi mwisho wa karatasi, ukahamia kwenye karatasi nyingine aliyoiunga kwa gundi, ukamalizikia sakafuni karibu na mguu wa meza. "Kufika jioni, ndala."

Mshonaji akapiga kigelegele.

"Mimi nilitoa asubuhi!" Mjomba akang'aka.

"Asubuhi ipi, mjomba?" wifi akadakia. "Asubuhi ulikuwa unatafuta soksi nyumba nzima!"

Wakabishana mpaka chakula kikapoa. Mwishowe fundi redio akakohoa.

"Mjomba alipoanza hotuba, mpira ndio kwanza ulikuwa umeanza. Akiwa katikati, matangazo yakakatizwa, ikasomwa taarifa ya serikali ya jirani. Alipomaliza na kukabidhi kitita, mpira ulikuwa umekwisha, na tumefungwa."

Mshonaji akamgeukia mumewe polepole.

"Ulikuwa unasikiliza mpira kwenye harusi yetu?"

"Kwa sikio moja tu, mke wangu. Hili jingine lilikuwa lako."

Wifi alikuwa bado anapiga hesabu. "Kwa hiyo mjomba alisimama na makochi mkononi," akasema, "akakaa akiwa ametoa ndala."

Kicheko kilichozuka kilimfanya Desimali ashike pazia asianguke. Mjomba hakucheka. Aliinamia sahani yake, mabega yamemshuka, akaonekana mzee kuliko alivyoingia.

"Ile hotuba niliiandaa kwa moyo," akasema. "Ningeikatizaje?"

Mshonaji akaacha kucheka. Akamwongezea chai. "Ilikuwa nzuri, mjomba. Mimi nililia."

"Ulilia? Wapi?"

"Pale uliposema umepata binti."

Mjomba akapangusa macho kwa kitambaa cha meza, jambo ambalo siku nyingine lingezua ugomvi.

Kuanzia hapo hakutamba tena na hela. Alitamba na hotuba. Aliwaambia watu kwamba hakuna mwingine katika ukoo aliyewahi kuzungumza mpaka seti nzima ya makochi ikateketea. Alimwomba Desimali ule mchoro, akauweka kwenye fremu ndefu kama mlango, na kila mgeni anayeingia kwake hulazimika kuinama sakafuni kuufuata mstari.

"Hapa unapoanza kuporomoka," humwonyesha kwa fimbo, "ndipo nilipokuwa nawashukuru wazazi."