Mkalimani Hana Hoja

Pale mahakamani walimwita Kamusi. Jina lilianzishwa na karani wa chumba cha pili, mtu wa mizaha, likamganda kiasi kwamba hata mahabusu walioletwa kwa mara ya kwanza walikuwa wameshalisikia huko seli. Kamusi alikuwa wakili kamili, mwenye shahada, leseni na suti nyeusi mbili alizozivaa kwa zamu. Kosa lake lilikuwa moja tu. Alikuwa wa kwanza, na mpaka siku ya kisa hiki wa pekee, miongoni mwa watu wa kwao kuwa wakili, na lugha ya watu wa kwao hakuna mwingine pale mahakamani aliyeijua hata ya kuombea maji.

Basi ikawa mazoea. Akiingiza tu mguu chumbani na jalada la mteja wake, hakimu anainua miwani na kusema kwa upole, "Wakili, kwa kuwa upo hapa, tusaidie kidogo." Kidogo hicho kilikula asubuhi nzima. Mteja wake mwenyewe alibaki benchi la nyuma akimtazama wakili wake anavyohangaika na watu wengine, na mteja wa namna hiyo harudi mara ya pili. Mawakili wenzake walimsifu. "Wewe dada una kipaji, haki ya Mungu," walimwambia, kisha wakaenda zao na kesi za maana. Chama cha mawakili kilimpa cheti cha kuendeleza usawa na ujumuishi katika taaluma, akapigwa picha, akapigiwa makofi, akavikwa kilemba cha ukoka mchana kweupe. Siku alipokwenda kwa mtawala wa mahakama kuuliza ni lini ataajiriwa mkalimani, mtawala alimshangaa. "Wa nini tena? Si tunaye wewe?"

Angeweza kukataa. Mimi ningekataa, nawe unayesoma huenda ungekataa, lakini sisi hatukusimama pale tukamwona mzee wa watu anatikisa kichwa kizimbani, anakubali kila anachoulizwa kwa kuogopa tu. Kamusi aliwaonea huruma. Na kwa kuwa alikuwa akiwaonea huruma kila wiki, bila malipo, mahakama ililala usingizi wa pono.

Asubuhi hiyo alikuwa na kesi ya mpangaji aliyefungiwa nje na mwenye nyumba. Alipofika mlangoni simu yake iliita, akaona ni mdogo wake anayeishi kijijini. Akaizima, maana hakimu wa chumba cha pili hakuwa na mchezo na simu. Akaketi kwenye meza ya mawakili, akapanga karatasi zake. Feni ilizunguka kwa kujilazimisha. Chumba kilinuka jasho na wino wa mihuri.

"Wakili, kwa kuwa upo hapa."

Hata hakuinua kichwa.

"Kuna mshtakiwa wa kwenu," hakimu alisema. "Ni kesi fupi tu. Tuimalize, halafu nakuita wewe na mpangaji wako."

Huyo hakimu hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya usawa ya mahakama ile, na katika kila warsha alisimama akasema kwamba chumbani kwake kila mtu anasikilizwa kwa lugha yake. Aliyasema kwa dhati kabisa.

Karani akamsogelea Kamusi kumwapisha kabla mshtakiwa hajaletwa. Ndivyo walivyokuwa wakiokoa muda, mkalimani aape huku askari anapanda ngazi na mtu wake. Kamusi akainua mkono akaapa kwamba atatafsiri kwa ukweli yote yatakayosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Akili yake ilikuwa kwa mpangaji. Maneno ya kile kiapo alikuwa ameyasema mara nyingi mno, hayakuwa tena na ladha mdomoni.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa, akaingia shangazi yake.

Shangazi hasa, dada wa baba yake, tumbo moja. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kimekaa upande, miguu ina vumbi, viganja vimechanwachanwa. Alipomwona Kamusi amesimama kando ya kizimba, uso ukamchanua. Akamgeukia askari, akamwambia kwa lugha yao, kwa sauti ya mtu aliye nyumbani kwake, "Unamwona? Si nilikwambia mimi?"

Kamusi akaikumbuka simu aliyoizima. Sasa alijua ile simu ilikuwa ya nini.

"Mheshimiwa," alisema, "huyu ni shangazi yangu. Naomba nijitoe kwenye ukalimani, niingie kama wakili wake."

Kicheko kikapita mabenchi. Mwendesha mashtaka, bwana mmoja wa viatu vya kung'aa, akainuka. "Mheshimiwa, wiki iliyopita yule mshtakiwa wa mkaa alikuwa mjomba wake. Kabla ya hapo alikuwepo mama mdogo. Hawa kwao wote ni ndugu."

Hapo alimshika pabaya. Watu wa kina Kamusi hawamtaji mtu mzima kwa jina mbele ya kadamnasi. Kila mkubwa ni mjomba, ni shangazi, ni mama mdogo. Kamusi aliwaita hivyo washtakiwa wote, na mara nyingine, akiona hakimu ameamka vizuri, aliwaombea kwa maneno hayohayo: Mheshimiwa, mwonee huruma, ni mjomba wangu. Alikuwa amelitumia neno hilo kwa wageni mpaka likakauka, na sasa analihitaji.

"Huyu ni wa damu, Mheshimiwa."

"Wote ni wa damu," hakimu alisema, bila ubaya. "Sikiliza, wakili. Umeshakula kiapo. Ukijitoa, sina mkalimani. Nikikosa mkalimani naahirisha, na huyu mama anarudi rumande mpaka apatikane mwingine. Unamjua mwingine?"

Nani angejua kuliko yeye kwamba hakuna? Kipindi Kamusi yuko likizo ya uzazi, mzee mmoja wa kwao alikaa rumande akingoja mkalimani mpaka mtoto wa Kamusi akaanza kutambaa. Akamwangalia shangazi yake, akaviangalia vile viganja.

"Tuendelee," akasema.

Shtaka likasomwa. Kwamba mshtakiwa, kwa makusudi na kinyume cha sheria, alikata seng'enge, mali ya kampuni ya mashamba. Kamusi akatafsiri neno kwa neno, huku uwakili umeshamkimbia mbele. Seng'enge ipi? Imepita wapi? Shamba la nani? Mtu akiharibu kitu huku anaamini kwa moyo wake kwamba analinda kilicho chake, huo ni utetezi, na hata mwanafunzi wa sheria anaujua. Utetezi huo ulihitaji mtu mmoja tu wa kusimama na kuusema.

"Mwulize, ni kweli au si kweli?"

Kamusi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi hiyo. Chumba kilijaa watu, na hakuna hata mmoja ambaye angejua. Akauliza swali kama lilivyo, kisha, bila kubadili sauti, akaongeza kwa lugha yao, "Shangazi, sema si kweli. Sema hivyo tu, nakuomba. Mengine niachie mimi."

Shangazi akamkodolea macho.

"Nidanganye? Mimi? Nimekata mchana, wote wananitazama!"

"Si kudanganya, Shangazi. Ndivyo sheria ilivyo, unasema hivyo kwanza halafu..."

"Mbona mnaongea?" hakimu aliuliza. "Nimeuliza ndiyo au hapana."

"Namfafanulia swali, Mheshimiwa."

"Swali lenyewe fupi. Tafsiri jibu."

Mkalimani husema kama anavyosema mwenye maneno. Hasemi "anasema amekata." Husema "nimekata." Kamusi akashika ukingo wa kizimba, akaanza kumfuata shangazi yake sentensi kwa sentensi.

"Nimekata. Nimekata kwa panga la marehemu mume wangu, na pale lilipokataa nimevuta kwa mikono. Hiyo seng'enge wameipitisha katikati ya shamba langu. Mahindi yangu yamebaki upande wao, mimi nimebaki upande wa nyumba. Niliwauliza nani amewaruhusu, wakanionyesha karatasi. Karatasi mimi siijui. Shamba nalijua."

"Amekubali amekata," hakimu alisema huku anaandika.

"Mheshimiwa, huko si kukiri. Maelezo yake yana utetezi ndani, anadai haki ya..."

Kalamu ikasimama. "Nani anasema hayo? Mshtakiwa au wewe?"

Kamusi aliitazama ile kalamu.

"Wakili, nakuheshimu, na wewe unajua. Lakini hapo uliposimama wewe ni mkalimani, na mkalimani hana hoja. Ukiweka neno lako nitalazimika kuliandika, na unajua litafika wapi." Aliyasema taratibu, kama mtu anayemwonya mdogo wake kwa mapenzi. "Kama mshtakiwa amebakiza, endelea."

Alikuwa amebakiza. Shangazi alikuwa amenyoosha shingo, anasubiri kwa hamu mtoto wa kaka yake awamalizie watu wale wakubwa yale aliyokwisha kuyasema.

"Walinzi wao waliponishika," Kamusi alitafsiri, "niliwaambia, nendeni mkanishtaki popote mnapotaka. Zamani mngenitisha. Sisi tukisikia mahakama tulikuwa tunakimbilia porini, tunawaachia hata mashamba. Sasa siogopi. Mtoto wa kaka yangu ni wakili, yuko palepale mahakamani. Yeye..."

Akageuka kumtazama shangazi yake.

"Yeye nini?" hakimu aliuliza.

"Yeye ndiye atakayenisemea."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akaona hakuna anayemwunga mkono, akaacha. Karani wa mizaha aliinamia majalada yake. Hakimu alimtazama Kamusi kitambo kizuri, na kwa kitambo hicho ilionekana kama ameamini kwamba ni wa damu. Akafungua mdomo. Kisha macho yake yakaenda kwenye mrundo wa kesi zilizosalia, akaufunga.

Akamtia shangazi hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe. Akasema amezingatia umri wake, na kwamba ni kosa la kwanza; akasema pia kwamba tabia ya kukata seng'enge imezidi huko na lazima liwepo fundisho. Miezi sita jela. Kamusi akayatafsiri yote. Umri, kosa la kwanza, fundisho, jela. Hakuongeza wala hakupunguza.

Rufaa, alijiambia, rufaa ipo. Atamtafutia shangazi wakili mwingine, mzuri. Lakini huyo wakili ataongeaje na mteja wake bila mkalimani, na mkalimani ni nani? Na huko juu watauliza kama mshtakiwa alitafsiriwa swali kama lilivyo. Shahidi wa jambo hilo ni mmoja tu chini ya jua, na shahidi huyo aliapa kutoongeza, akaongeza, akaulizwa na hakimu, akadanganya. Akisema ukweli, huenda hukumu ikafutwa, lakini leseni yake imekwenda na maji, na watu wa kwao hawana tena wakili hata huyo mmoja. Akinyamaza, shangazi analala jela. Alihisi hasira mpaka masikio yakavuma, na hakujua amkasirikie nani kwanza.

Askari alimshika shangazi kiwiko. Shangazi akakivuta kiwiko chake polepole, bila ugomvi, akabaki palepale. Hakuonekana kushtuka. Muda wote Kamusi alipokuwa akimletea maneno ya hakimu, yeye aliyasikiliza kwa adabu na uvumilivu, kama mtu anayemwachia mgeni amalize mazungumzo yake. Sasa akasema jambo moja, huku anatabasamu.

"Anasema nini?" hakimu akauliza, maana kila neno la mshtakiwa lilitakiwa kusikika chumbani kwake.

Kamusi akaushika tena ukingo wa kizimba. Akatafsiri.

"Sawa, mwanangu. Huyo amemaliza yake. Sasa anza wewe."

Feni ikazunguka. Hakimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena.

"Mwambie imekwisha," alisema.

Kamusi akatafsiri. Shangazi akaitikia kwa kichwa, akajiweka sawa kitambaa chake, akaendelea kungoja.