Mlango Uliofutwa

Kabla hajawa mlezi wa wazee huko Takoma Park, Marekani, Vaileth alikuwa mchora ramani za majengo mjini Moshi, na fani ile haikuwahi kumtoka. Kwa hiyo Mzee Ndirangu, Mkenya wa miaka themanini na minne aliyekuwa akimtunza, alipomwomba amsaidie kuichora nyumba aliyoishi ujanani, alikubali kabla hata hajavua koti.

Ilikuwa mashambani Uingereza: jumba la mawe la miaka mia tatu, lenye dohani sita za kutolea moshi na madirisha marefu. Ubavuni pake paliungana kijumba cha matofali mekundu. Mzee alikuwa mtunza bustani pale, na marehemu mkewe, Edah, mpishi wa jumba. Kijumba ndicho walichopewa.

Mikono ya mzee ilitetemeka, basi yeye alisimulia na Vaileth akachora, kila asubuhi baada ya dawa. Mzee alikumbuka hata ngazi ipi ilikuwa inalia ukiikanyaga.

"Hapa weka mlango," alisema siku moja, akigusa kwenye karatasi ukuta uliotenganisha jiko la kijumba na jumba. "Edah alikuwa akipitia hapa jioni, na bakuli la supu mkononi. Nilikuwa nasikia komeo kwanza, halafu namwona."

Vaileth akatazama ramani ya zamani ambayo Kimani, mtoto wa mzee, aliitoa mtandaoni. Ukuta ule ulikuwa mzima.

"Hapa haiwezekani, Baba. Dohani kubwa inapanda hapahapa. Ukitoboa mlango, ukuta unaporomoka."

"Lakini nilimwona."

"Labda alizunguka nje. Miaka ni mingi, Baba. Ramani haidanganyi."

Mzee akamrudishia karatasi. "Haya basi, futa."

Vaileth akafuta, tena akajisikia fundi hasa. Kesho yake mzee hakutaka kuchora. Keshokutwa vilevile. "Nimechoka na hiyo nyumba," alisema, na tangu hapo hakumtaja tena Edah. Vaileth aliiona sababu, ila alikuwa na zamu nyingine katika mji wa jirani wa Lanham na basi la kuwahi. Akajiambia watazungumza wiki ijayo. Wiki zikapita. Mwezi wa Februari mzee akapatwa na kiharusi.

Machi, wenye jumba wakamjibu Kimani, aliyekuwa amewaandikia zamani kuomba picha. Walituma picha; walikuwa wanakarabati. Walipobandua lipu ya kijumba walikuta mlango uliozibwa kwa matofali, hatua mbili kando ya dohani, fremu yake ya mbao ingali mahali pake. Ulitobolewa baada ya ramani ile kuchorwa.

Vaileth aliichukua simu ya Kimani, akaketi kando ya kitanda.

"Baba, mlango ulikuwepo. Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe."

Mzee aliitazama picha kwa adabu. "Nyumba nzuri. Ni ya kwenu?"

"Ni yenu, Baba. Wewe na Mama Edah."

"Edah," alirudia, kama anayetambulishwa kwa mgeni. Kisha akauliza kama chakula kiko tayari.

Sebuleni, Vaileth alimweleza Kimani yote.

"Lakini hukujua," Kimani alimwambia.

"Yeye alijua. Nilikuwa na penseli mkononi, Kimani. Sisi wachora ramani, kitu tusicho na hakika nacho huwa tunakichora kwa mstari wa nukta. Ingekuwa kazi ya dakika moja."

Chumbani mzee alikuwa anaita mtu amletee maji, na Vaileth akaenda.