Nundu ya Mama Msukosuko

Wanafunzi walimwita Mama Msukosuko, na jina lilimkaa kinyume, maana chuo kizima hapakuwa na mtu mtulivu kama yeye. Msukosuko aliokuwa nao ulikuwa wa maji. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye maabara ya chini ya jengo, mbele ya mfereji wa kioo wa mita tisa, akiyatazama maji yakipita, yakijikunja, yakivunjika vipande na kuungana tena. Wenzake walipanda vyeo wakawa wakuu wa hili na lile. Yeye naye alipandishwa, ila kila alipopandishwa alishuka ngazi zilezile kurudi kwenye maji yake.

Kilichompa uprofesa ni nundu. Usicheke. Maji yanayopita karibu na kioo hutikisika, na kutikisika huko hupimwa kwa sindano nyembamba kuliko unywele, iliyopashwa moto kwa umeme. Maji yakienda mbio huipoza, yakizubaa inabaki na moto wake. Ukivichora vipimo hivyo, mstari hupanda, kisha hushuka kwa adabu mpaka kwenye kioo. Lakini yeye, enzi za ujana wake, aliona mstari ukishuka halafu ukiinuka tena kidogo, karibu kabisa na kioo. Ikaitwa nundu, ikaingia vitabuni pamoja na jina lake. Waliojaribu kwingine wakaikosa aliwajibu kwa upole kwamba mvumilivu hula mbivu, na nani angebishana na profesa mwenye sauti ya upole namna ile?

Sasa alikuwa amebakiza miezi miwili kustaafu, na mwanafunzi mmoja tu wa mwisho, binti mwembamba aliyetafuna kucha mpaka zikaisha. Kazi ya binti ilikuwa kueleza nundu inatoka wapi. Miaka miwili alipima, na nundu haikujitokeza hata siku moja. Wiki moja kabla ya kukabidhi tasnifu, alishuka ngazi asubuhi na barua mkononi.

"Profesa, naacha."

"Unaacha nini?"

"Kila kitu. Nimesafisha sindano, nimebadilisha sindano, nimepiga mpaka dua. Nundu yako hainitaki. Nikasimame mbele ya watahini niseme nini? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Yakimwagika tunapima yamemwagika kwa kasi gani," alisema Mama Msukosuko. "Hebu weka hiyo barua. Leo tunapima wote."

Mzee Bomba, fundi aliyeufunga mfereji ule kwa mikono yake na aliyeajiriwa mwaka uleule alioajiriwa profesa, akawasha pampu. Binti akaisogeza sindano mpaka karibu na kioo, akaenda kukaa kwenye kompyuta, upande wa pili wa chumba. Mama Msukosuko akavuta kiti chake cha zamani, akakaa sindano ilipo, akaegemeza kiganja juu ya kioo.

Ndivyo alivyozoea. Utotoni, nyumbani kwao kulikuwa na tangi la bati nyuma ya jiko, na mama yake alikuwa akimtuma: nenda kaangalie maji yamebaki kiasi gani. Hakupanda kuchungulia. Alipitisha kiganja kwenye bati, na pale ubaridi ulipoanzia ndipo maji yalipofikia. "Maji hayadanganyi," mama yake alipenda kusema, "yaulize kwa mkono." Basi akawa anayauliza maisha yake yote. Alipoegemea hivyo chumba kilijaa mwanga wa kijani unaotembea darini, pampu ikanguruma taratibu, na yeye akawa hayuko darasani wala ofisini wala kwenye umri wake. Aliona mkono wa mama yake ukizunguka kwenye beseni, povu likijikunja vidole vilipopita, duara kubwa likizaa dogo, dogo likizaa dogo zaidi, mpaka maji yakasahau kwamba yalikuwa yameguswa. Alitamani tu kukaa hapo.

"Imetokea!" Binti alipiga kelele. "Profesa, imetokea! Njooni muone!"

Kweli. Kompyuta ilichora nukta moja kila sekunde chache, na hata kutoka kitini profesa aliziona nukta zikipanda. Binti alilia na kucheka kwa pamoja, akaichana barua yake vipande vinane, akamrukia Mzee Bomba shingoni. "Ni wewe, Profesa! Una mkono wenye baraka!"

Mama Msukosuko alicheka, akaondoa mkono kwenye kioo ili afute miwani. Alipoivaa tena, nukta zilikuwa zinashuka.

Akatazama nukta. Akatazama mkono. Polepole, kama mtu anayegusa sufuria asiyojua kama ni ya moto, akarudisha kiganja. Punde nukta zikapanda. Akakiondoa, zikashuka. Kioo kilikuwa chembamba, na kiganja chake kilikuwa na joto. Maji yaliyopita pale yaliondoka na vipande vya uvuguvugu, na sindano, ambayo haijui ila moto na baridi, ilidhani maji yamebadili mwendo. Binti hakuwahi kugusa kioo. Alikuwa mbali na kompyuta yake, na kalamu mdomoni.

Miaka thelathini na moja alikuwa amejipima mwenyewe.

Binti alikuwa bado anamzungusha Mzee Bomba. Hakuna aliyeona. Ilitosha kuacha mkono hapo mpaka jioni, siku nne au tano, na binti angepata nundu yake na shahada yake, na yeye angestaafu na jina lake vitabuni. Na wale aliowaambia wavumilie? Wangeendelea kuvumilia. Alitaka kufanya hivyo. Alitaka hasa, na kiganja kilikaa kwenye kioo muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye.

"Njoo hapa, mwanangu," akasema. "Weka mkono wako, hapo pangu."

Binti akaweka. Walisubiri. Nukta zikapanda. "Ondoa." Zikashuka. Mara ya tatu binti hakuwa anacheka tena. Alimgeukia profesa.

"Mama," alisema, akasahau uprofesa, "si tungenyamaza tu?"

"Wewe ulinyamaza? Miaka miwili uliona maji yapo sawa, na kila siku ulikuja kuniambia. Ulipima sahihi. Mimi ndiye niliyekuambia umekosea, na ninakuomba radhi."

Mzee Bomba alikuwa ameshika kitambaa chake cha buluu, anatazama alama ya kiganja kwenye kioo. "Kikulacho ki nguoni mwako," akanong'ona. Kisha, kwa sauti: "Kwa hiyo Mama, jioni zote hizo ninazofuta hapa, kumbe nafuta ushahidi?"

Walicheka, wote watatu, mpaka Mama Msukosuko akalazimika kufuta miwani upya, na safari hii si kwa vumbi.

Binti akafungua ukurasa mpya. "Kwenye chanzo cha nundu niandike nini?"

"Andika, mkono wa mtafiti. Weka na jina langu, lilelile la vitabuni. Nitatia sahihi chini yake."

Wakaanza kupima upya, safari hii kwa ajili ya tasnifu. Sindano ikarudi mahali pake. Mama Msukosuko akakaa kitini, mkono ukaenda wenyewe kwenye kioo, akaudaka njiani. Akauweka pajani. Akauweka kwapani. Haukutulia popote.

"Sasa huu niuweke wapi?" aliuliza, na hakuwa akitania.

Binti akaacha kompyuta ijichoree, akavuta kiti, akauchukua mkono ule akaufumbata kati ya viganja vyake viwili vya baridi. Nyuma ya kioo maji yalijikunja na kupita zake.

"Una moto kweli," binti alisema.