Nenda Kanawe, Urudi

Ulikuwepo. Usiniambie hukuona. Ulisimama kwenye foleni ya kuandikisha wapiga kura, umeegemea ukuta wa darasa, na mbele yako mwanamke mtu mzima akaambiwa kwa mara nyingine mashine haisomi vidole vyake. Akatoka kichwa chini. Wewe ukainamia simu yako, ukasogea hatua moja, ukashukuru kimoyomoyo kwamba watu wamepungua. Mimi nakumbuka. Hapa mtaani kazi yangu ni kukumbuka, na ndiyo maana wengi wenu mkiniona mnavuka barabara.

Basi kaa nikwambie kilichotokea nyuma ya ile meza ya kuandikisha, kwa sababu aliyekaa pale ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja.

Dada yangu anafua shuka za hospitali. Ni ukumbi wa masinki ya saruji, wenye mvuke kutwa nzima na sakafu isiyokauka. Shuka zinafika na damu na mengine nisiyoyataja, na dawa ya kutoa hayo madoa haina adabu: inakula doa, ikimaliza inahamia kwenye ngozi. Wafuaji wa pale vidole vyao vimekuwa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki, mistari yote imefutika. Wenyewe hutaniana kwamba siku wakivunja benki, polisi watapekua mpaka wachoke, kisha waseme mwizi alikuwa malaika.

Sasa sikiliza. Mpwa wangu alifundishwa cha kufanya. Kidole kikigoma, jaribu kingine. Vyote vikigoma, bonyeza pale palipoandikwa hana alama, taja sababu, piga picha, toa kadi. Hakuna mtu wa kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ngozi. Ila kwa kila aliyeandikishwa kwa njia hiyo, msimamizi wa kituo alidai maelezo, na msimamizi yule hakupenda kijana mwenye maelezo mengi. Mkataba wenyewe wa muda, ajira zenyewe unazijua. Kijana akatafuta sentensi nyepesi, yenye heshima, isiyomfukuza mtu waziwazi:

"Nenda kanawe, mama, urudi."

Angemwambia hivyo muuza mkaa, pengine isingekuwa kitu. Lakini hawa ni wafuaji. Ukimwambia mfuaji kwamba mikono yake haijatakata, umemgusa penyewe. Walirudi kazini, wakachovya mikono kwenye dawa ya madoa, wakasugua kwa brashi ya kola. Wakaja kituoni wananukia wodi, na mashine ikawakataa zaidi ya jana. Wakaenda kunawa tena. Mkubwa wao, yule wanayemwita Bi Povu, alisugua mpaka ncha za vidole zikafanya malengelenge. Alipokaa kwenye kiti kwa mara nyingine akamwomba mpwa wangu radhi kwa uchafu wake. Yeye ndiye aliyeomba radhi. Na kijana akamwambia haidhuru.

Kisha ikafika zamu ya dada yangu.

Mpwa wangu alivitazama vile vidole, ambavyo vimemkuna mgongo akiwa na surua, akavibandika kwenye kioo. Mashine ikagoma. Hakumwambia akanawe. Alibonyeza pale palipoandikwa hana alama, akaandika sababu, akampiga picha, akamkabidhi kadi ya mpiga kura ingali na joto. Dada akatoka anatembea kama bibi harusi.

Alipofika kazini akaitoa kifuani awaonyeshe wenzake. Bi Povu alikuwa kwenye sinki la mwisho, brashi mkononi, anajisugua.

"Wewe ilikusoma?" akauliza.

Dada akajibu kwamba ilimsoma. Hakujua aseme nini kingine.

"Unatumia sabuni gani, shoga?"

Dada aliirudisha kadi kifuani. Aliniambia baadaye kwamba ilimchoma mchana kutwa kama kijinga cha moto.

Jioni ile nilikuwa kwao. Kijana alikuja kutoka kituoni, akanawa, akavuta kiti. Mama yake alimpakulia, kisha badala ya kukaa akasimama ng'ambo ya meza.

"Ile mashine ilinisoma?"

"Haikukusoma, mama."

"Kwa hiyo njia ipo."

"Ipo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Dada alitandaza mikono yake miwili mezani, viganja juu, karibu kabisa na sahani. Akamweleza habari ya sabuni. Kijana akaanza kumtaja msimamizi, mkataba, maelezo, akaishia njiani. Akasema kwa sauti ya chini kwamba angalau yeye alimsaidia.

"Ungenikataa na mimi," dada akasema. "Leo ningelala."

Chakula kilipoa, kijana akiiangalia ile mikono kana kwamba ameletewa mtu ambaye yeye mwenyewe alimgonga kwa gari.

Asubuhi dada aliwakusanya wafuaji na kuwapeleka kituoni. Akakaa kwenye kiti cha mbele ya meza, akaweka kadi yake juu, akamwambia mwanawe aifute kama hawezi kuwapa na hawa. Kijana hakubishana. Aliwaita mmoja mmoja, akabonyeza, akaandika sababu. Msimamizi akaja kuuliza kuna nini, na mpwa wangu akasimama na kumweleza kwamba siku zote hizi amekuwa akiwarudisha watu wenye haki yao. Msimamizi akasema wataongea. Lakini kadi zikatoka.

Bi Povu hakuja.

Mchana mpwa wangu akamfuata kwake. Bi Povu alifungua mlango nusu, mikono imefungwa vitambaa. Kijana akamwambia yote: kwamba kosa ni lake, kwamba mikono haina shida, kwamba hakuna sabuni.

"Una adabu, mwanangu," Bi Povu akasema. "Mama yako kakulea vizuri. Ila hii mikono imeshindikana. Nisije nikawaharibia mashine yao." Akarudisha mlango taratibu, kama mtu anayefunga chumba chenye mtoto aliyelala.

Kijana aliungama, akashukuriwa kwa adabu zake. Amerudi kwenye meza yake na mzigo uleule, tena umeongezeka. Dada alikwenda saa moja baadaye, akakiri kwamba alimdanganya. Akaambiwa anamhurumia tu, na mtu anayekuhurumia atakwambia lolote. Nikaenda mimi. Mimi nikafukuzwa kama kuku: kila anayenijua anajua ninavyopenda kukusanya watu. Mashine hairuhusiwi kutoka kituoni, na kituo kinafungwa kesho jioni. Baada ya hapo Bi Povu atawafulia shuka wagonjwa mpaka siku ya kura, na siku hiyo atabaki ndani, akiamini kwamba yeye ndiye mchafu.

Amebaki mtu mmoja ambaye hajamdanganya wala hamwonei huruma. Wewe. Wewe ulinyamaza tu. Ulikuwa nyuma yake kwenye foleni, uliona kidole kinawekwa na kutolewa, ulimsikia akiomba radhi. Anakaa nyuma ya nyumba yako. Kamba yake ya nguo unaiona ukifungua dirisha la jikoni.

Iweke hiyo simu. Vaa viatu. Mgongee, na usimbembeleze. Mwambie uliona, na kwamba ulinyamaza ili foleni isogee. Aone aibu yako mwenyewe, hiyo ataiamini. Kisha mshike mkono, polepole kwa sababu ya malengelenge, mpeleke mpaka kwenye kile kiti, na ukae naye mpaka kadi itoke. Na kama njiani utapita mlango mwingine wa mtu aliyeambiwa akanawe, mgongee na huyo.

Siyo kesho baada ya kazi. Inuka sasa.